Mbele ya kununua bwate ingine, mupime kwanza mafuta

Wanamemba wa koperative, kuna neno moja tunalisikia sana tukitembelea depo zenu: «Bwate imekufa.» Gari imeegeshwa kando, tairi zimeanza kulegea, na komite inahesabu makuta ya kese ili itume mtu mjini kutafuta bwate ya okazyo. Wakati huohuo nyanya na viazi vinaenda soko kwa pikipiki, gunia kwa gunia, na faida inabaki barabarani. Sisi ni watu wa udongo na mbegu, lakini mavuno yasiyofika soko yanatuhusu. Na tunaona bwate zinahukumiwa bila kupimwa. Mahindi yakiwa na majani ya manjano hatukimbilii pompi ya dawa. Tunaangalia kwanza kama maji yanasimama shambani ao kama azoti inakosa. Bwate nayo iko vile.

Gari nyingi za zamani zinazotufikia huku mashariki kutoka Japani, kupitia Mombasa ao Dar es Salaam, ni otomatiki: Noah, RAV4, Prado na zingine. Zina pedali mbili tu. Ndani ya bwate ya namna hii, mafuta si ya kulainisha peke yake. Moteri inazungusha mafuta, mafuta yanazungusha bwate, na pompi inayasukuma kwa nguvu ili yabane diski zinazoshika kila vitesi. Mafuta yakipunguka, diski hazibanwi sawasawa, zinateleza, zinapata moto, zinaungua. Litre moja inayokosa inaweza kuua bwate nzima.

Kwa hiyo muanze na kile kijiti cha kupimia, ambacho mafundi wanaita joji. Na hapa ndipo wengi wanadanganyika, kwa sababu wanapima kama mafuta ya moteri: gari imezimwa, asubuhi, baridi. Kwa Toyota nyingi za zamani si hivyo. Mutembeze gari mpaka ipate moto vizuri, muisimamishe mahali sawa, muvute freni ya mkono, na muache moteri inanguruma polepole. Mguu ukiwa kwenye freni, mupitishe levye katika P, R, N, D mpaka L, halafu murudi P. Sasa muvute kijiti, mukipanguse na kitambaa safi kisichotoa nyuzi, mukirudishe, mukivute tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili zilizoandikwa HOT. Mukipima moteri ikiwa imezimwa, mafuta yanaonekana mengi kuliko ukweli, na mutaenda nyumbani na furaha ya bure. Honda ni tofauti: yenyewe inapimwa moto pia, lakini moteri ikiwa imetoka tu kuzimwa. Gari isiyo na kijiti hata kidogo, hiyo ni kazi ya fundi.

Muangalie rangi na munuse. Mekundu na safi ni mazuri. Yakiwa kahawia ao meusi, na harufu ya kitu kilichoungua, diski zimeanza kuisha. Yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kutoka radiatere, kwa sababu kwa gari nyingi mafuta ya bwate yanapoozewa humo ndani. Hapo musiwashe tena moteri, hata kwa kufika tu kwa jirani.

Kama yamepunguka, muongeze kidogo kidogo, robo litre, mupime tena. Yakizidi yanatoa povu, na povu halibani diski. Musitie mafuta ya moteri, wala yale ya chupa za maji ambayo hakuna anayejua yametoka wapi. Jina la mafuta linaandikwa kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi kwenye kijiti chenyewe: Dexron, T-IV ao WS, na moja si badala ya ingine. Kisha mutafute yanakovuja, maana bwate haikunywi mafuta kama moteri iliyochoka. Yakikosa, yametoka mahali.

Mafuta yakiwa sawa na shida inabaki, mupande nayo mulima na muangalie mshale wa mizunguko ya moteri kwenye tablo. Mshale ukiruka juu na gari haivuti, bwate inateleza. Lakini mshale nao ukikataa kupanda, shida ni ya moteri: filtri ya mafuta imeziba, buji zimechoka, hewa haipiti. Jaribio hilo ni la dakika tano na halina bei, na ni ajabu kuona fundi anashusha bwate bila kulifanya.

Kuingia vitesi nako kunapimwa. Gari ikiwa moto, freni ya mkono imevutwa na mawe yamewekwa kwenye tairi, mukanyage freni mutoe levye N kwenda D. Vitabu vya Toyota vinasema bwate nzima inashika mbele ya sekunde 1.2, kutoka N kwenda R, mbele ya sekunde 1.5. Mukihesabu mbili, tatu, ndipo gari inashituka, nguvu ya mafuta ni ndogo ao diski zimelika.

Na ile ya «haiingii ya nne»? Mbele ya yote muangalie kama taa ya O/D OFF inawaka. Kitufe kiko kwenye levye, na mkono wa shofere unakigusa bila yeye kujua. Sababu ingine ni ya kwetu kabisa: fundi alitoa termostati ili moteri isipate moto. Huku milimani, asubuhi, moteri hiyo inabaki baridi, na Toyota nyingi zinakataa kuingia ya nne mpaka moteri ipate moto. Termostati irudi, shida inaisha. Lakini taa hiyo ikiwakawaka yenyewe, kompyuta ya bwate imeona kosa, mara nyingi kwa waya ao vali ya umeme. Fundi wa umeme anaweza kusoma kosa hilo. Kwa gari za zamani zaidi kuna pia kable inayotoka kwenye gazi kwenda kwa bwate. Ikilegea, nguvu ya mafuta inashuka na diski zinaungua polepole. Kuikaza ni kazi ndogo.

Kama fundi anasema lazima kufungua, memba wawili wa komite wawe pale anaposhusha karteri ya chini. Ndani mna sumaku. Ujiji laini wa kijivu juu yake ni kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa si kawaida. Muvione kwa macho yenu mbele ya kusaini kutoa makuta.

Gari ikikwama kwenye matope, musiitikise D, R, D, R nusu saa, mafuta yanachemka. Muchimbe. Ikizimika, kuisukuma ili iwake hakusaidii, ni otomatiki. Na musiivute na kamba safari ndefu: moteri ikizimwa pompi haizunguki, na bwate inajisaga kavu. Tairi zinazovuta zinyanyuliwe, ao fundi atoe ile shafti ya kwenda nyuma.

Na kama kweli bwate ingine inahitajika, kwa Toyota mutafute kibati kidogo chini ya kapo ao kwenye mlango, penye neno TRANS/AXLE. Namba iliyo hapo, na ile ya moteri, muiandike kwenye daftari na mpelekwa aende nayo mjini. Bwate mbili za Prado zinaweza kufanana kwa macho, na moja isikubali kabisa kufungwa.