Bei, Saruji na Pato la Taifa: Jinsi Uchumi wa Kenya Unavyopimwa

Mfumuko wa bei nchini Kenya hutangazwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) siku ya mwisho ya kazi ya kila mwezi. Tarakimu hiyo moja, kama ile asilimia 2.7 ya Oktoba 2024, ni zao la maelfu ya bei zilizoandikwa na makarani madukani, sokoni, kwenye vituo vya matatu na kwa wapangaji wa nyumba. Karani hatafuti bei nafuu wala bei ya haki. Kazi yake ni kurudi palepale, katika wiki ya pili na ya tatu ya mwezi, aulizie bidhaa ileile kwa kipimo kilekile. Thamani ya takwimu za uchumi iko katika kurudia huko. Bei ya siku moja, hata ikinukuliwa kwa uangalifu wa namna gani, haiielezi nchi chochote mpaka ipate ya kulinganishwa nayo.

Ugumu wa kazi hiyo unaonekana vizuri Kitengela. Mji huu wa kaunti ya Kajiado, kando ya barabara ya Namanga, kilomita thelathini hivi kusini mwa Nairobi, ulikuwa na wakazi 58,167 katika sensa ya 2009 na 154,436 katika sensa ya 2019. Ndani ya supamaketi pakiti ya unga ina uzito uliochapishwa na bei iliyobandikwa, na kuinakili si kazi. Nje, kwa mama mboga, nyanya huuzwa kwa fungu, maharagwe kwa gorogoro, sukuma wiki kwa shada, na maji kwa mtungi wa lita 20. Fungu la nyanya linaweza kubaki shilingi 20 kwa miezi kadhaa, ila lilikuwa na nyanya tano na sasa lina nne. Aliyeandika "shilingi 20" ataripoti kwamba hakuna kilichobadilika, na hali nyanya moja imetoka shilingi 4 hadi shilingi 5, yaani imepanda kwa asilimia 25. Ndiyo maana mizani ni chombo cha lazima cha mkusanyaji wa bei: fungu hupimwa, kisha bei hugeuzwa kuwa ya kilo. Mandazi yanayonywea huku bei ikibaki ileile, na pakiti zinazopunguzwa gramu chache, hushughulikiwa kwa njia hiyohiyo.

Nauli nayo ina lake. Kiti kimoja cha matatu kuelekea Nairobi kina bei ya alfajiri, bei ya adhuhuri na bei ya mvua. Akiuliza leo asubuhi na mwezi ujao mchana, karani atakuwa amepima saa badala ya kupima bei. Saa ya kuuliza ni sehemu ya kipimo sawa na njia na umbali wa safari.

Bei zikishapatikana, hazijumlishwi hivi hivi. Kila bidhaa hupewa uzito kulingana na sehemu ya matumizi ya kaya inayokwenda kwake, na uzito huo hutokana na uchunguzi mkubwa wa bajeti za kaya. Kapu linalotumika Kenya tangu Machi 2020 lina bidhaa na huduma 330, limejengwa juu ya uchunguzi wa kaya wa 2015/16, na bei zake hulinganishwa na zile za Februari 2019, zilizopewa thamani ya 100. Chakula na vinywaji visivyo na kileo vimepewa takriban asilimia 33 ya kapu. Nyumba, maji, stima, gesi na kawi nyingine karibu asilimia 15. Usafiri karibu asilimia 10. Kwa hiyo vyakula vikipanda kwa asilimia 10 huku vingine vyote vikitulia, kapu zima hupanda kwa kama asilimia 3.3.

Hapo ndipo malalamiko kwamba takwimu hazifanani na mfuko wa mwananchi yanapopata msingi wa kweli. Kapu ni wastani wa kaya zote, na hakuna kaya inayoishi kwa wastani. Mpangaji wa Kitengela anayekwenda Nairobi kila siku na kununua maji ya lori hutumia kwa nauli na maji fungu kubwa la mshahara kuliko kapu linavyosema. Familia ya wafugaji huko Mashuuru, katika kaunti hiyohiyo ya Kajiado, hutumia zaidi kwa unga na sukari. Kila mmoja ana mfumuko wake wa bei. KNBS kwa miaka mingi imetenganisha kaya za Nairobi katika tabaka la chini, la kati na la juu kwa sababu hiyo, na ni vizuri msomaji atazame majedwali hayo kabla ya kusema kwamba tarakimu ya taifa ni ya uongo.

Kuna kitu kimoja kinachozungumzwa Kitengela kuliko vyote na ambacho hakimo kapuni: bei ya ploti. Ardhi ni mali inayowekwa, haitumiki ikaisha, hivyo kanuni za kimataifa huiacha nje ya fahirisi ya bei za mlaji, ile inayotokana na kapu hili. Kodi ya nyumba imo, kiwanja hakimo. Bei za ardhi hufuatiliwa kando na kampuni binafsi ya HassConsult, ambayo hutoa fahirisi kila robo mwaka kwa mitaa ya Nairobi na miji inayoizunguka, Kitengela ukiwa mmojawapo. Ploti zinaweza kupaa mwaka mzima na mfumuko wa bei usitikisike.

Namna ya kukokotoa wastani pia huleta tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ikichukuliwa kwamba kitunguu kimepanda mara mbili katika duka moja na kushuka kwa nusu katika jingine, wastani wa kawaida wa mabadiliko hayo, 200 na 50, ni 125, kana kwamba bei imepanda kwa asilimia 25. Wastani wa kijiometri hutoa 100, yaani hakuna badiliko, na hilo ndilo jibu linaloeleweka zaidi, maana mwezi ujao bei zikirudi zilipokuwa, wastani wa kawaida utasema zimepanda tena. Kenya ilihamia wastani wa kijiometri mwaka 2009, na tarakimu za mfumuko zikashuka sana kwa mabadiliko ya hesabu peke yake. Anayelinganisha mfumuko wa 2008 na wa miaka ya karibuni lazima kwanza ajue ni hesabu ipi iliyotumika.

Kosa la kawaida zaidi ni kuchukua mfumuko ulioshuka kuwa bei zilizoshuka. Kiwango cha mwaka hulinganisha mwezi huu na mwezi kama huo mwaka uliopita. Oktoba 2022 mfumuko ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2023 asilimia 6.9, Oktoba 2024 asilimia 2.7. Kapu lililogharimu shilingi 1,000 Oktoba 2022 lilifika shilingi 1,069 mwaka uliofuata, na karibu shilingi 1,098 mwaka wa pili. Mwendo wa kupanda ulipungua. Bei hazikurudi nyuma. Mafuta yalichangia kupungua huko. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na petroli jijini Nairobi ilikuwa shilingi 217.36 kwa lita Oktoba 2023, kisha shilingi 180.66 mwaka mmoja baadaye. Petroli ikishuka hivyo, mlinganisho wa mwaka hupoa hata kama unga na nauli vimebaki palepale.

Tarakimu hizi zina mtumiaji mmoja mkuu. Benki Kuu ya Kenya imewekewa shabaha ya mfumuko wa asilimia 5, ikiruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 2.5. Kamati yake ya Sera za Fedha ilipandisha riba ya msingi hadi asilimia 13 Februari 2024, kisha ikaanza kuipunguza Agosti mwaka huo, ikianza na asilimia 12.75, mfumuko ulipotulia. Mwenye hadiwea wa Kitengela anayekopa kununua mabati huyasikia maamuzi hayo kwenye riba ya mkopo wake.

Fahirisi ya bei za mlaji humtazama anayenunua. Kajiado ni kaunti ya wafugaji, na mfugaji huingia sokoni kwanza kama muuzaji. Hapa kuna kipimo kinachostahili kujulikana zaidi kuliko kinavyojulikana. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kaunti 23 kame na nusu kame, Kajiado ikiwemo, na ndani yake hulinganisha bei ya mbuzi na bei ya mahindi: mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi? Mbuzi akiwa shilingi 6,000 na kilo ya mahindi shilingi 60, mfugaji hupata kilo 100. Ukame ukija, mifugo hukonda na wengi huuza kwa pamoja, wakati uleule ambao mahindi huadimika. Mbuzi akishuka hadi shilingi 4,000 na mahindi yakifika shilingi 80, anabaki na kilo 50. Mahindi yamepanda kwa theluthi moja tu. Uwezo wa familia kula umepungua kwa nusu. Katika ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa 2020 na kuendelea hadi 2023, kipimo cha aina hii kilieleza mateso ya wafugaji kwa namna ambayo mfumuko wa bei wa taifa haungeweza, na uzuri wake ni kwamba kinahitaji bei mbili tu, zikiandikwa bila kukosa kila mwezi katika masoko yaleyale.

Upande wa biashara, kipimo cha haraka zaidi ni fahirisi ya wasimamizi wa ununuzi, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2014 na ambayo Benki ya Stanbic huitoa pamoja na S&P Global siku za mwanzo za mwezi. Kampuni binafsi 400 hivi huulizwa maswali mepesi: ikilinganishwa na mwezi uliopita, je, oda mpya, uzalishaji, wafanyakazi, muda wa kuletewa bidhaa na akiba ya malighafi vimeongezeka, vimebaki au vimepungua? Asilimia ya waliosema vimeongezeka hujumlishwa na nusu ya waliosema vimebaki. Kampuni 40 kati ya 100 zikisema oda zimepanda na 35 zikisema hazikubadilika, jibu ni 57.5. Zaidi ya 50 ni kukua, chini yake ni kusinyaa. Aprili 2020, janga la korona likifunga biashara, fahirisi ilianguka hadi 34.8; Julai 2024, mwezi wa maandamano dhidi ya serikali, ilikuwa 43.1. Inachosema ni kampuni ngapi zimebadilika na kuelekea wapi. Haisemi zimebadilika kwa kiasi gani: duka lililopoteza mteja mmoja na kiwanda kilichopoteza nusu ya oda hujibu "zimepungua" sawasawa.

Saruji husaidia kujaza pengo hilo, kwa kuwa yenyewe huhesabiwa kwa tani. KNBS huchapisha kila mwezi ripoti ya viashiria vya uchumi, ambamo uzalishaji na matumizi ya saruji vimo pamoja na umeme, chai, kahawa, maziwa na watalii. Katika eneo la Kitengela kiashiria hiki kiko mlangoni: viwanda vya Athi River, kikiwemo cha East African Portland Cement, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1933, viko jirani kabisa, na mawe ya chokaa huchimbwa Kajiado. Thamani ya ramani za ujenzi zilizoidhinishwa, ambayo pia imo katika ripoti hiyo, huhusu jiji la Nairobi. Fundi anayejenga vyumba vya kupangisha Kitengela haonekani kwenye jedwali la ramani, lakini mifuko yake ya saruji imo kwenye jedwali la tani.

Pato la taifa huja mwisho, kama miezi mitatu baada ya robo mwaka kumalizika, na hurekebishwa data zaidi zikifika. Kwa mwaka 2020 lilipungua kwa asilimia 0.3, kisha likakua kwa asilimia 7.6 mwaka 2021. Mwaka wa kizio, yaani ule ambao bei zake hutumika kulinganishia, nao hubadilishwa: Septemba 2014 Kenya ilihama kutoka 2001 kwenda 2009, na pato la 2013 likaonekana kubwa kwa robo moja kuliko lilivyokuwa limekadiriwa, kwa kuwa shughuli zilizokuwa hazihesabiwi vizuri ziliingizwa. Nchi iliamka ikiwa ya kipato cha kati cha chini. Mwaka 2021 kizio kikawa 2016. Tatizo la shughuli zisizoonekana halijaisha: uchunguzi wa biashara ndogo na za kati wa 2016 ulikadiria biashara milioni 7.4, na kati ya hizo milioni 5.85 hazikuwa na leseni. Hazimo katika orodha ya kampuni za kuhojiwa na hazina vitabu vya hesabu. Pato lake hukadiriwa kupitia uchunguzi wa kaya na wa ajira unaofanywa mara chache.

Tangu 2019 KNBS hugawa pia pato hilo kwa kaunti 47, ikifuata mahali uzalishaji unapofanyika. Kwa Kitengela kanuni hiyo ina matokeo ya pekee. Viwanda vya saruji vya Athi River na eneo la kuzalisha bidhaa za kuuza nje viko kaunti ya Machakos, hivyo pato lao huandikwa Machakos, ilhali baadhi ya wafanyakazi wao hulala, hulipa kodi ya nyumba na hununua nyanya upande wa Kajiado. Anayetaka kujua mji huo unaishi vipi huhitaji majedwali ya kaunti zote mbili, na bei za soko lake zilizoandikwa mwezi kwa mwezi.