Je, Wajua? Kima Alaye Makaa

Je, wajua kwamba mtu aliyechoshwa na ghasia za soko la Darajani, na honi zake, na mabishano ya bei yasiyo na ukomo, akisafiri kiasi cha kilomita 35 tu kutoka Mji Mkongwe wa Unguja, huwasili katika msitu wa Jozani, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ambako, akijaaliwa subira ya kuketi kimya (na subira, kusema kweli, ni nauli ghali kuliko ile ya gari), aweza kumtazama kwa karibu kima punju, hayawani ambaye maskani yake ya asili ni visiwa vya Zanzibar peke yake ulimwenguni, mwenye mgongo mwekundu na mkono uliokosa kidole gumba?

Ajabu yake kubwa ni utabibu. Kima wakaao mashambani, kandokando ya msitu, hupenda mno majani ya mkungu na ya mwembe, ambayo yana lishe njema lakini pia yana kemikali ziwezazo kulifisidi tumbo. Basi huyatafuta makaa, kwenye visiki vilivyoungua na matanuri ya wachomaji, wakayatafuna kwa utulivu wote, nayo makaa huzinasa kemikali zile. Wataalamu hudhani kwamba watoto hujifunza ada hiyo kwa mama zao.

Mgeni asiwalishe kima hawa wala asiwaguse, kwani maradhi ya binadamu huweza kuwaambukiza.