Miti ya Mapambo (2): Mjakaranda au Mkrismasi?

Wiki iliyopita tulizungumzia mahali pa kupanda mti wa kivuli. Leo tuutazame mche wenyewe kabla hujatoa pesa, kwa sababu wapo wanaonunua mjakaranda wakidhani ni mkrismasi, na wanakuja kugundua baada ya miaka, mti unapochanua zambarau badala ya nyekundu.

Miti hii si ya ukoo mmoja. Mkrismasi, Delonix regia, asili yake ni Madagaska, nao ni wa jamii ya kunde. Mjakaranda, Jacaranda mimosifolia, unaopamba barabara za Arusha na Nairobi, ulitoka Amerika Kusini, na jamii yake ni ile ya kibobakasi. Kinachowachanganya watu ni majani: ya miti yote miwili yamegawanyika vijani vidogo vidogo kama unyoya.

Lakini huna haja ya kusubiri maua. Ukiwa kitaluni, tazama majani yanapotokea kwenye shina. Ya mjakaranda hutoka mawili mawili, yakitazamana. Ya mkrismasi hutoka moja moja kwa kupishana: moja huku, la pili juu kidogo upande mwingine. Kisha angalia vijani. Vya mjakaranda vina ncha iliyochongoka, na kile cha mwisho kabisa husimama peke yake, kirefu kuliko vingine. Vya mkrismasi ni butu, na safu huishia kwa jozi. Mimi naiamini zaidi alama ya kwanza, maana hata mche uliopukutisha majani hubaki na makovu yake kwenye shina.

Anayetaka kuotesha mwenyewe ajue kwamba mbegu hizi hazitunzwi sawa. Mkrismasi huzaa maganda magumu, marefu hata kufikia sentimita 60. Mbegu yake imefunikwa na gamba lisilopitisha maji. Ukiizika kavu inaweza kulala ardhini miezi mingi, ukadhani imekufa. Chemsha maji, epua, tia mbegu humo, uziache mpaka kesho yake. Zilizovimba zipande, zilizobaki ndogo zisugue kwa msasa upande mmoja mpaka gamba litoboke kidogo, kisha uziloweke tena. Usisugue pale penye kovu la kikonyo, kwani kiini kiko karibu.

Mbegu ya mjakaranda ni nyembamba, ina ubawa kama karatasi, na maji ya moto huiua. Chuma tunda lake bapa likishageuka kahawia, kabla halijapasuka na upepo kupeperusha mbegu. Loweka usiku mmoja katika maji baridi, kisha tandaza juu ya udongo uliochanganywa na mchanga, ufunike kidogo tu.

Mkrismasi upande mbali na ukuta na mabomba, kwa kuwa mizizi yake hutambaa juu juu na kupasua sakafu.

Nanyi wenye vitalu, andikeni jina la mti kwenye viriba siku ileile mnayosia mbegu. Mjakaranda uliooteshwa kwa mbegu unaweza kupita miaka saba bila ua hata moja, na mteja hawezi kurudishiwa miaka hiyo.