Kiti cha ndege kwa mgonjwa wa Mweru

MWANSABOMBWE, Zambia — Gunia la chisense likipakiwa Kashikishi jioni, mwenye mali hahangaiki sana basi likichelewa njiani. Samaki wamekwisha kukaushwa. Mgonjwa aliyekaa ndani ya basi hilohilo, na barua ya rufaa mkononi, hawezi kusema hivyo.

Ukanda huu haukosi hospitali. Jirani na Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, ipo hospitali ya misheni ya Mbereshi. Nchelenge wanayo St Paul's. Ng'ambo ya ziwa iko Kilwa ya Kongo, mwendo wa boti, na tangu 2018 wilaya ya Nchelenge ina makazi ya wakimbizi wa Kongo huko Mantapala. Kazi inakuwa ngumu daktari anapoandika: apelekwe Ndola, au Lusaka.

Kutoka Nchelenge hadi Mansa ni zaidi ya kilomita 200. Baada ya hapo njia ni mbili. Moja inazunguka kwa Samfya hadi Serenje. Ya pili wafanyabiashara wanaijua vizuri: Daraja la Mwanawasa pale Chembe, lililofunguliwa 2008, kisha takriban kilomita 70 ndani ya Kongo hadi Mokambo, na kurudi Zambia kupitia Mufulira. Yaani Mzambia anayekwenda hospitali ya Zambia anatoka nchini na kuingia tena. Asiye na hati za kusafiria hana budi kuzunguka.

Kwa saratani hali ni nzito zaidi. Hospitali ya Saratani ya Lusaka ilifunguliwa 2007, na kwa miaka mingi ndiyo pekee iliyotoa tiba ya mionzi nchini. Tiba hiyo huchukua wiki kadhaa, na mgonjwa hurudi nyumbani amedhoofika, kwa barabara ileile.

Ndege za wagonjwa zipo. Huduma ya Madaktari Warukao yenye makao Ndola imefanya kazi tangu miaka ya 1960. Lakini ndege ya dharura ni ya anayekaribia kufa leo. Anayehitaji mionzi, au upasuaji wiki ijayo, anataka kiti cha kawaida kwenye safari yenye ratiba, kwa nauli anayoiweza.

Zambia Airways ilipofilisiwa mwishoni mwa 1994, mikoa ya mbali ilibaki kutegemea makampuni madogo. Shirika lilifufuliwa Desemba 2021 kwa ubia na Ethiopian Airlines, likaanza na Ndola na Livingstone, ambako abiria wapo tayari. Nalo Soko Moja la Usafiri wa Anga, lililozinduliwa na Umoja wa Afrika Januari 2018, linalegeza vibali vya kuvuka mipaka, halijazi viti.

Viti vitajazwa na wagonjwa na wafanyabiashara pamoja. Wizara ya afya ikinunua mapema viti vichache kila wiki, Mansa kwenda Ndola, kampuni itakuwa na uhakika wa fungu la nauli, na vilivyobaki vitauzwa kwa wenye biashara, wakiwemo wa Kilwa na Pweto.

Kipimo cha mpango kama huo kitakuja Desemba. Kuanzia tarehe 1 hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa Mweru, masoko hupoa, na wenye biashara husafiri kwa nadra. Ndiyo miezi ya mvua, malaria ikipanda Nchelenge. Miezi hiyo mitatu, ndege itaruka kwa fedha za wizara au haitaruka.