Masomo ya Kila Siku: Tunachojifunza kwa Jirani Zetu Wakatoliki



Katika ziara zetu za miradi huku Kilwa na mwambao wa Lindi, mara nyingi tunakaa meza moja na kamati za parokia za Jimbo Katoliki la Lindi. Mikutano yao huanza kwa somo la Biblia, na tumeona kwamba somo hilo halichaguliwi na mwenyekiti wala na katekista, kwani limekwisha kupangwa katika kalenda. Baadhi ya washarika wetu bado wanaamini kuwa Wakatoliki hawasomi Biblia, hivyo tumeona vema kueleza utaratibu huu, hasa kwa sababu una jambo linalozihusu kamati zetu za miradi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) uliagiza hazina ya Biblia ifunguliwe zaidi kwa waumini. Mwaka 1969 ukatoka mpango mpya wa masomo ya Misa. Jumapili huenda kwa mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A husomwa zaidi Injili ya Mathayo, Mwaka B Marko na Mwaka C Luka, naye Yohana huingia zaidi katika Kwaresima na kipindi cha Pasaka. Mwaka unaogawanyika kwa 3 bila kubaki kitu, kama 2025, ndio Mwaka C. Siku za kawaida za juma huwa na somo moja, zaburi na Injili. Kwa sehemu kubwa ya mwaka Injili hiyo hurudi ile ile kila mwaka, lakini somo la kwanza hubadilika kati ya miaka witiri na miaka shufwa.

Palipo na padre, masomo hayo husomwa katika Misa. Katika vigango vya mbali, ambako padre hafiki kila Jumapili, katekista huongoza Ibada ya Neno kwa masomo yale yale. Tarehe 5 Mei 2024, siku moja baada ya kimbunga Hidaya, maji yalipokuwa yanaikata barabara ya Lindi eneo la Somanga, somo la Injili kwa Wakatoliki wengi duniani lilikuwa Yohana 15:9-17. Kigango kilichozingirwa na maji hakikuhitaji kungoja gari la padre ili kujua kisome nini. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika mwambao huu, hawahitaji kuelezwa sana faida ya jambo hili; wao huigawa Kurani juzuu kwa juzuu na kuikhitimisha katika mwezi wa Ramadhani.

Somo ambalo hakuna aliyelichagua

Hapa ndipo tunapoomba kamati zisome kwa makini. Jumapili ya 25 ya Mwaka C, somo la kwanza ni Amosi 8:4-7, maneno makali juu ya wafanyabiashara wanaopunguza kipimo, wanaochezea mizani na kumnunua maskini kwa bei ya kiatu. Injili yake ni Luka 16:1-13, habari ya wakili dhalimu. Mwaka 2025 Jumapili hiyo iliangukia tarehe 21 Septemba. Kila mkulima wa Lindi anajua Septemba ni wakati gani: korosho zinaanza kuanguka, mnada bado, na ada ya shule inadaiwa. Ndio wakati wa kangomba, yaani kununua korosho ya mkulima kabla ya mnada, kwa bei ya kutupa na kwa chombo badala ya mizani. Serikali imeipiga marufuku, lakini mwenye njaa hangoji mnada.

Mwinjilisti wetu akijichagulia Amosi 8 mwezi Septemba, kesho yake ataulizwa alikuwa anamsema nani. Huenda mnunuzi wa kangomba ni mzee wa kanisa, na huenda ndiye aliyechangia mabati. Lakini somo lililopangwa mwaka 1969 halimjui mtu wa Kilwa. Linafika kwa zamu yake, na mhubiri hawezi kulikwepa wala hawezi kushutumiwa. Kwa mawazo yetu hiyo ndiyo nguvu kubwa ya utaratibu huu. Kamati inayoshika fedha za kisima inafaa isome wakili dhalimu siku ambayo hakuna anayetuhumiwa kitu.

Hatusemi mpango huo umekamilika. Sehemu kubwa ya Agano la Kale haisomwi kabisa siku za Jumapili, na desturi ya kusoma kitabu kizima tangu mwanzo hadi mwisho bado inahitajika. KKKT nayo ina kalenda yake na masomo yake, ambayo mara nyingi hayalingani na ya Wakatoliki. Kamati za pamoja zinaweza kukubaliana kutumia kalenda moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi mahususi. Wengi hutuma Biblia za toleo lisilo na vitabu vya Deuterokanoni. Katika miaka witiri masomo ya siku za juma hutoka pia katika Tobiti, Yoshua bin Sira, Hekima na Wamakabayo, na viwili vya mwisho husomwa Novemba. Katekista aliyepewa Biblia yetu hufungua na asione kitu. Biblia Habari Njema hupatikana pia katika toleo lenye vitabu hivyo, nalo linafaa kwa vikundi vya pamoja. Maandishi makubwa ni bora, kwa kuwa wasomaji wengi vijijini ni wazee na ibada za jioni husomwa kwa taa ndogo.

Kamati zinazotaka kalenda ya masomo ziulize parokia ya jirani kabla ya Majilio, maana mwaka wa Kanisa huanza hapo, si Januari.