Betri haizalishi umeme, lakini gridi inaihitaji

Umeme ukikatika Kibenga, hapa Bujumbura, maswali ya wasomaji hufanana: jua tunalo, kwa nini nchi isinunue betri moja kubwa, giza likaisha? Swali ni zuri. Majibu ya mitaani ndiyo mabovu.

Betri haizalishi umeme. Hupokea uliozalishwa kwingine na kurudisha pungufu, maana sehemu hupotea kama joto. Anayekuuzia betri "inayojichaji yenyewe" anakuibia.

Kazi yake kubwa kwenye gridi wengi hawaioni. Umeme wetu huenda kwa hezi 50, yaani mapigo 50 kila sekunde, na mapigo hayo hutulia pale tu umeme unaoingia unapolingana na unaotumika, sekunde kwa sekunde. Matumizi yakizidi, mitambo ya mabwawa huelemewa, huzunguka polepole, na mapigo hushuka. Yakishuka mno, mtambo mmoja hujizima usiharibike. Mzigo wake unaiangukia mingine, nayo inajizima. Mji mzima huingia gizani hivyo.

Sasa wingu lipite juu ya Mubuga, mkoani Gitega, kwenye kituo cha jua cha megawati 7.5 kilichozinduliwa 2021. Uzalishaji huporomoka papo hapo. Bwawa linaweza kufidia, ila kwa kuchelewa: maji yaliyojaa bombani ni mazito, na mlango ukifunguliwa ghafla shinikizo hushuka kwanza, kwa hiyo nguvu hupungua kidogo kabla ya kuongezeka. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo. Betri haina cha kuzungusha. Ayoni za lithiamu huhama kutoka upande mmoja kwenda wa pili, inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa gridi, inausukuma kwenye gridi, na pengo huzibwa kabla sekunde moja haijaisha.

Malawi wamefanya hivyo. Kituo cha jua cha Golomoti, cha megawati 20, kilianza kazi 2022 kikiwa na betri ya megawati 5 inayodumu saa mbili. Jirani zetu wa Goma nao, tangu 2020, wana mtambo wa kampuni ya Nuru wa megawati 1.3, wa jua na betri.

Saa mbili, lakini. Betri za namna hii zitavusha jioni, taa na pasi zinapowashwa kwa pamoja. Hazitavusha kiangazi cha Juni hadi Septemba. Akiba ya miezi ni maji. Jua likibeba mzigo wa mchana, maji ya Rwegura, bwawa la megawati 18, hubaki yakingoja usiku. Wanaosema jua halifai kwa sababu huzama wamelisahau bwawa hilo. Tena kiangazi, mito inapopungua, ndipo anga huwa jeupe.

Nyumbani, kwa kifupi. Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini. Ukiimaliza kila usiku kwa taa na televisheni, itakufa mapema. Betri ya maji usiilaze chumbani, kwani ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Fundi anayetaka kuifufua kwa chumvi mfukuze, chumvi huimalizia. Na iliyokufa usimruhusu mtu aiyeyushe uani: risasi iliyomo huharibu ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayaponi.