Meno Yasiyolingana: Hatari katika Vipuri vya Gari Kuukuu

Land Rover za miaka ya 1960 hazijatoweka zote katika miteremko ya Kilimanjaro. Atakaye kulifufua gari la namna hiyo mjini Moshi hukutana upesi na tatizo lisiloonekana kwa macho: bolti aliyouziwa dukani hufanana na ile ya awali, lakini meno yake ni mengine.

Chanzo ni historia. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha meno ya bolti, chenye pembe ya nyuzi 55. Wamarekani walishika nyuzi 60. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilipatana juu ya nyuzi 60, kwa inchi. Magari ya baadaye yakaja na milimita.

Hebu tutazame bolti ya inchi 5/16 yenye meno 24 kwa inchi. Kipenyo chake ni milimita 7.94, bolti ya milimita 8 yaizidi kwa unene wa unywele tu. Lakini kutoka jino hadi jino ya kwanza ina milimita 1.06, ya pili 1.25. Ukizitia katika nati isiyo yake, hukwama baada ya mizunguko michache. Kukwama huko ni onyo, ingawa fundi mwenye haraka hulijibu kwa spana ndefu.

Kibaya zaidi ni kipuri kisichokwama. Katika magari mengi ya Kiingereza ya zama zile, nati ya bomba la breki ina kipenyo cha inchi 3/8, yaani milimita 9.53. Silinda nyingi za Kijapani zimechongwa kwa nati ya milimita 10. Nati ndogo huingia kwa ulaini. Na kwa kuwa ni fupi, tofauti ya meno haipati nafasi ya kujitokeza. Meno hushikana kwa milimita 0.3 kila upande, badala ya 0.54 hivi. Karakanani haivuji. Lakini dereva ateremkapo kutoka Kibosho, kila akanyagapo breki mafuta huisukuma nati itoke, na siku moja yaweza kung'oka.

Basi anza kukaza kwa vidole, kamwe si kwa spana. Lalisha bolti mbili ubavu kwa ubavu mbele ya mwanga: meno yakioana urefu wote, nafasi kutoka jino hadi jino ni moja. Nati ya breki ipimwe kwa kalipa; ikitofautiana, bomba likatwe na mdomo wake ufinyangwe upya juu ya nati inayolingana na silinda.